Barua kwa binti yangu: hiyo "ndiyo" ya mafundi wako

Goma

Mama yangu,

Juzi kwenye simu ulilia kidogo, ukasingizia mafua. Ukasema mpango upo, kalenda imebandikwa ukutani, pesa ya mabomba imetoka, na kila Jumatatu watu wako wote 12 wanaitikia "ndiyo, shefu". Ijumaa ikifika, mtaro wa Kadutu, huko Bukavu, uko palepale. Ukaniuliza kama ni wavivu.

Si wavivu. Hiyo "ndiyo" iliwahi kunitia hasara hata mimi, na kosa lilikuwa langu.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu ya Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji hadi ziwani, wewe ukakimbia umeshika kitenge cha mama yako mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Tuliporudi, ujenzi ulikuwa kila pembe, nami nikawa kapita, msimamizi wa mafundi tisa. Tulijenga juu ya lava ileile iliyopoa. Mmoja wao alikuwa mzee mpasua mawe, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja aligonga mwamba kwa nyundo mara tatu, akasimama, akagonga tena hatua mbili pembeni. Niliona. Huku mlio ulikuwa mkavu, kule ulikuwa kama wa ngoma, maana lava ikipoa huacha mapango chini. Nikamuuliza, "Tuendelee?" Akatazama viatu vyangu. "Ndiyo, kapita."

Wiki chache baadaye ukuta ulipasuka kutoka msingi hadi dirishani. Nilimfokea mbele ya wote. Jioni, tukiwa wawili tu, akaniambia polepole: "Uliniuliza kama tuendelee. Hukuniuliza nimesikia nini." Tulibomoa, tukajenga upya, na saruji nililipa mimi.

Tangu hapo niliacha kuuliza "mmeelewa?" Nani atasimama mbele ya wenzake aseme hajaelewa? Nikawa nauliza, "Leo kitu gani kitatushinda?", nikianza na kijana wa kubeba mchanga, kwa sababu mzee akishasema, mdogo hana tena la kusema. Siku mbili walinyamaza. Ya tatu kijana akasema ndoo zote zimetoboka. Kumbe zilitoboka tangu mwezi uliopita!

Halafu hiyo mikutano yako ya Kifaransa. Ripoti za wafadhili ziandike Kifaransa, sawa, lakini mtaroni ongea Kiswahili, na Mashi, lugha ya wenyeji wa huko, pale unapoweza. Ukikosea watacheka, na wakishacheka wataongea.

Ulinitajia yule Mmarekani Bruce Tuckman, aliyeandika mwaka 1965 kwamba kikundi kikishaundwa hupitia kugombana kabla ya kuzoeana na kufanya kazi vizuri. Sibishani naye. Ila ugomvi wa kwetu hauna kelele: mtu ananuna, anachelewa, koleo linapotea. Ukingoja makelele ndipo ujue kuna shida, utangoja sana.

Jana nilipanga maharagwe 12 mezani nikahesabu jozi zake. Zinafika 66! Jozi moja wanadaiana, nyingine ni mashemeji wasiosalimiana, nyingine waligombana kwenye likelemba, ule mchezo wa kupeana pesa kwa zamu. Kalenda yako haina mstari wa mambo hayo. Mama yako alinikuta nimeinamia yale maharagwe akauliza kama nimeanza kupiga ramli.

Nawe uwalipe siku uliyoahidi. Ikishindikana, waambie kabla ya siku hiyo, si baada yake. Hilo unalijua, siliongezi.

Boti ya Alhamisi inakuletea fromaje mbili, zile jibini za Masisi. Moja ni yako. Ya pili mpelekee yule fundi wa mabomba uliyesema hukaa nyuma na hafungui mdomo. Nenda kwake jioni, bila daftari, ukae anapokaa yeye. Kisha uniandikie alichokuambia.

Baba yako