Mkutano wa Jumamosi umehamia asubuhi

Ndugu wapendwa, wagonjwa na mnaowauguza, poleni na majukumu.

Mkutano wetu hapa Moshi tumeuhamisha kutoka saa nane mchana hadi saa tatu asubuhi, kwa sababu joto la mwezi huu linawaelemea wenzetu wenye maltipo sklerosisi. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, na neva iliyopoteza utando huo hupitisha taarifa kwa shida zaidi mwili unapopata joto. Ndiyo maana mara iliyopita dada yetu mmoja macho yalimfifia njiani, yakarejea alipokaa kivulini na kanga iliyoloweshwa shingoni. Njooni na maji ya baridi.

Mtaalamu wa fiziotherapia atatuongoza katika mazoezi mepesi, ambayo husaidia kupunguza uchovu. Tutazungumzia pia huzuni na matatizo ya kibofu, mambo ambayo wengi wetu tunayaficha mno.

Nawasihi sana, dawa za mitishamba zinazosifiwa kuwa zinaongeza kinga zisitumiwe kabla ya kumwuliza daktari, wala mtu asiache dawa za hospitali kwa ajili yake.

Anayehitaji bajaji aniandikie kabla ya Ijumaa jioni.