Shoga yangu, ufunguo usiutoe bado

Mombasa, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, watoto na mama. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila joto linatutesa na usiku tunalala madirisha wazi.

Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara tatu. Umesema umelitangaza gari lako, ile Probox, mtandaoni kwa shilingi 620,000, mtu amekutumia arubuni ya 30,000, na zilizobaki atakulipa kwa hundi Jumamosi, kisha aondoke na gari siku hiyohiyo. Ukaniuliza kama kuna ubaya. Nimeona nisikujibu kwa simu. Maneno yake ni mengi, na mengine sijapata kukwambia hata wewe.

Unaikumbuka ile Vitz yangu? Ulijua niliiuza. Hukujua kwamba pesa zangu nilizipata baada ya miezi minne.

Mnunuzi alinipata kwenye tangazo vilevile. Akaja nyumbani Ijumaa baada ya alasiri, kafuatana na mama yake. Nikawawekea juisi ya ukwaju na kaimati, tukazungumza, tukachimbuana nasaba mpaka tukaona kuna jamaa zetu waliooana huko Vanga. Bei tukaafikiana 520,000. Palepale akanitumia 60,000 kwa M-Pesa, nikaziona kwenye salio langu. Zile 460,000 akaniandikia hundi, tarehe akaweka ya Jumatatu, maana alisema pesa za chama chao cha kuchangiana zingeingia mwisho wa juma. Kesho yake Jumamosi akarudi, akaniambia wana harusi Kilifi na gari analihitaji. Nikampa ufunguo. Logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, nilibaki nayo mimi, na hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Jumatatu nikaipeleka hundi benki. Jioni nikatazama akaunti kwa simu, nikaziona 460,000 zimeandikwa. Nikalala usingizi mzito. Jumatano asubuhi hazipo, hundi imerudi, na ada ya kurudishwa nimekatwa mimi. Hapa ndipo wengi wetu tunapoponzwa. Benki yako huandika kiasi cha hundi kwenye akaunti yako kabla benki ya aliyeiandika haijakubali kulipa. Kwa hiyo kuna salio la kutazamwa na kuna salio la kutolewa, na hayo mawili hayalingani mpaka hundi ipite. Siku za mapumziko hazihesabiwi. Mtu anayekupa hundi Jumamosi mchana na kuondoka na gari Jumamosi mchana amejipa siku kadhaa za kwenda atakako kabla wewe hujajua lolote. Sisemi mnunuzi wako ni mwizi. Nasema siku ulizoniandikia ndizo zilezile.

Nilipompigia, kwanza alisema benki imekosea. Wiki ya pili akasema nisubiri mwezi uishe. Wiki ya tatu sauti ikabadilika: gari ni bovu, giaboksi inashtuka, hanilipi mpaka nipunguze bei.

Sasa hili ndilo sikukwambia. Giaboksi ilikuwa inashtuka kweli. Asubuhi injini ikiwa baridi, ukiingiza gia gari lilikuwa likiruka kama limepigwa teke, kisha likishapata moto linatulia. Fundi wangu wa Makupa aliniambia mwezi mmoja kabla sijaliuza. Mnunuzi alipolijaribu ilikuwa alasiri, gari limetoka kutumika, halikuonyesha dalili yoyote. Sikumwambia uongo. Nilinyamaza, nikajipa moyo kwamba mnunuzi ana macho na anaweza kuja na fundi wake. Aliponitajia giaboksi nilimfokea sana, na nilimfokea kwa sababu nilijua anasema kweli. Ile hundi ilikuwa kosa lake, lakini ile kauli ya kunikatalia deni nilimpa mimi kwa mkono wangu.

Nikaenda polisi. Nilikuwa nimesikia kwamba kutoa hundi isiyo na pesa ni jinai, na ni kweli, imo katika kifungu cha 316A cha sheria ya makosa ya jinai. Ofisa akaishika hundi, akaisoma tarehe, akaniuliza alinipa siku gani. Nikamwambia Ijumaa. Akanirudishia. Hundi ya tarehe ya mbele, shoga yangu, haimo katika kosa hilo. Ukikubali hundi iliyoandikwa tarehe ya siku ambayo bado haijafika, mbele ya sheria umekubali ahadi tu ya kulipwa. Akaniambia kwa upole kwamba hilo ni deni, nikadai mahakamani. Nilirudi nyumbani nalia ndani ya matatu.

Ninachotaka ukijue zaidi ni hiki, kwa sababu mimi sikukijua na kilinisaidia. Kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Nairobi mwaka 2021, kisha ikafunguliwa miji mingine, na sisi Mombasa tunayo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Huhitaji wakili. Unasimama mwenyewe, unasema kwa Kiswahili chako, na mwamuzi anakuuliza maswali kama mtu anayetaka kuelewa. Karani wa masijala alinielekeza jinsi ya kujaza fomu.

Kilichonisimamisha pale ni karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilikuwa na daftari nusu. Mazungumzo yetu yote ya WhatsApp nilikuwa nayo, nikayachapisha. Ujumbe wa M-Pesa wa zile 60,000 ulikuwepo, na barua ya benki ya kurudisha hundi ilikuwepo. Mkataba wa mauziano haukuwepo. Hatukuandika hata mstari mmoja, maana tulishakuwa jamaa wa Vanga. Kwa hiyo yeye aliposema tuliafikiana kwamba atalipa akisharidhika na gari, ilikuwa neno langu na lake. Nikafungua kurasa zile nikapata ujumbe wake wa Ijumaa usiku: "Bei ni 520, nimeshalipa 60, bado 460 Jumatatu inshallah." Ujumbe huo mmoja ulikuwa na thamani kuliko vyote nilivyobeba.

Mwamuzi akatuuliza kama tunaweza kusikizana kabla hajaamua. Mwenzangu akatoa risiti ya fundi, 38,000 za giaboksi. Nikaulizwa kama nilijua. Nikasema nilijua. Hapo moyo wangu ulipungua uzito, ingawa ulimi ulikuwa mkavu. Tukaafikiana nipunguze 25,000, naye alipe 435,000 kwa mafungu mawili. Akalipa. Siku fungu la pili lilipoingia ndipo nilipomhamishia gari kwa jina lake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Hundi usiikubali, hata kama ina tarehe ya leo. Mwambie alipe kutoka benki hadi benki. Kwa Pesalink anaweza kutuma hadi 999,999 kwa mara moja, na pesa zinaingia papo hapo. Au atumie RTGS, njia nyingine ya benki hadi benki, ambayo huingia siku hiyohiyo akiiwahisha asubuhi ya siku ya kazi. Kwa M-Pesa hamtaweza kumaliza siku moja, maana muamala mmoja hauzidi 250,000, na akaunti yako haiwezi kukaa na zaidi ya 500,000. Madalali wa huku hugawa malipo kwa mafungu, lakini mafungu mengi ndiyo mlango wa "nilikutumia mbili, wewe umehesabu moja." Afadhali lipite fungu moja lionekane.

Na kuona maana yake ni kuona kwenye akaunti yako mwenyewe, si kwenye simu yake. Picha ya muamala aliyokutumia si pesa. Ujumbe mfupi nao si pesa, kwa sababu siku hizi watu hutuma ujumbe uliopangwa sawasawa na ule wa M-Pesa, jina, saa na salio, ila umetoka namba ya kawaida ya simu. Wa kweli unatoka kwa MPESA. Fungua salio lako wewe, kwa menyu yako au kwa *334#, ulinganishe na lile la asubuhi. Zikiwa za benki, ingia ndani uzungumze na karani umuulize neno moja tu: naweza kuzitoa sasa hivi?

Akija mtu wa kukwambia yuko Doha au Muscat, na kwamba ndugu yake atakuja kuchukua gari, mwache. Watu wetu wengi wako Ghuba na wengine wananunua magari kwa nia safi, lakini mwenye nia safi hutuma pesa kwanza. Vilevile akikwambia amekutumia ziada kwa bahati mbaya, umrudishie kilichozidi, usirudishe hata shilingi mpaka benki ikuhakikishie kwamba ule mzigo mzima umeingia. Ukirudisha, chako kinakwenda kweli na chake huenda hakijapata kuja.

Arubuni nayo ni ya kuandikwa. Kabla ya huyu wangu kulikuwa na kijana mwingine aliyeniwekea 20,000 akaghairi baada ya siku tatu. Nilitaka kuzizuia, maana wateja wawili niliwakataa kwa ajili yake. Nikamuuliza ustadh wetu, akanikumbusha kwamba sisi ni Mashafii, na kwa madhehebu yetu arubuni ya namna hiyo, ya kuliwa mnunuzi akighairi, haifai. Wahanbali ndio wanaoiruhusu. Nikazirudisha. Wewe amua utakavyo, lakini mwambie leo kwa maandishi zile 30,000 ni za nini: zinashikilia gari mpaka siku gani, na akighairi zinakwenda wapi. Ugomvi wa arubuni huzaliwa kwa sababu kila mtu alikuwa na jibu lake moyoni na hakuna aliyelitamka.

Uhamisho wa gari kwa jina lake ufanye kwa akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri, ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wewe unaanzisha na yeye anakubali kwake. Usiuanzishe kabla ya pesa, na usiucheleweshe baada ya pesa. Sheria ya barabara inamhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na inatoa siku kumi na nne tu gari litumike barabarani bila kuandikishwa kwa mwenyewe mpya. Zile wiki zote nilizokuwa nikidai, gari langu lilikuwa likizunguka Kilifi kwa jina langu. Kila nikisikia ajali ya Mtwapa kwenye redio nilikuwa nasimama wima. Bima pia iarifu.

Mkataba usiuogope. Ukurasa mmoja unatosha: majina na namba za vitambulisho, namba ya gari na ya chesisi, bei kwa tarakimu na kwa maneno, kilicholipwa, kilichobaki na namna kitakavyolipwa, saa gari lilipokabidhiwa. Halafu mstari ambao mimi sikuuandika: kasoro za gari zinazojulikana. Najua Probox yako inakula mafuta ya injini, maana uliniambia mwenyewe tulipokwenda Watamu. Iandike. Andika pia kile kiyoyozi kisichopoza. Usiseme mnunuzi atakimbia. Akikimbia leo hujapoteza kitu, na akibaki hatakuwa na la kukushika mwezi ujao. Kisha mwambie aje na fundi wake asubuhi mapema, injini ikiwa baridi.

Ukiweza, leo usiku mwandikie hivi: "Ndugu, nashukuru kwa arubuni. Hundi sipokei. Tukutane benki yangu siku ya kazi saa tatu asubuhi, njoo na kitambulisho, tutasaini mkataba, utume pesa tukiwa pamoja, na zikiingia nakupa ufunguo na kuanzisha uhamisho palepale." Usiongeze maelezo. Mtu mwenye pesa zake atakuuliza tu ni benki ipi.

Ukishapata siku, niambie. Nitapanda matatu ya alfajiri nije Malindi tuketi wote pale benki. Mama mwambie aniwekee mkate wa sinia, nitakula nikirudi kwenu.

Ni mimi shogayo akupendaye.