Vumbi tunaliona, hewa ukaa je?

Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi hapa Tanga, mwaka wa 31 huu nimeshika mwiko. Saruji ndiyo iliyosomesha wanangu, sina ugomvi nayo. Lakini juzi nilikwenda kwenye mkutano wa mtaa kuhusu upanuzi wa machimbo ya mawe ya chokaa, na saa mbili nzima tulizungumzia vumbi: vumbi kwenye mabati, vumbi kisimani, vumbi kwenye nguo zilizoanikwa. Kweli linakera. Mke wangu siku hizi anaangalia upepo kwanza ndipo aloweke nguo.

Lisiloonekana hakuna aliyelitaja. Jiwe la chokaa huchomwa hadi nyuzi kama 1,450 ndipo ipatikane klinka, yale madonge magumu yanayosagwa kuwa saruji, na zaidi ya nusu ya hewa ukaa, gesi inayoongeza joto duniani, hutoka ndani ya jiwe lenyewe, si kwenye makaa ya mawe. Hata tanuri likiwashwa kwa maganda ya korosho, hewa ile itatoka tu. Nafuu ni kupunguza klinka kwenye saruji na kuchanganya majivu ya volkano, na huko Rungwe, Mbeya, yamejaa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla ya mradi. Naomba NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, ihakikishe muhtasari wa Kiswahili unabandikwa ofisi ya mtaa, na hesabu ya hewa ukaa iwemo. Ripoti tuliyoletewa ilikuwa bunda la Kiingereza. Mjumbe mmoja aliishia kujipepea nalo.

Fundi mwashi,
Tanga