Kanuni ya Jumanne, Mechi za Mwezi Uliopita

Meneja wa Timu,
Sinza,
Dar es Salaam.

Mkurugenzi wa Ligi,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUKATWA POINTI 58 NA KUBADILISHWA KWA KANUNI KATIKATI YA MSIMU

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni meneja wa mojawapo ya timu zenu 16 za PUBG Mobile, gemu la kupigana kwa risasi hadi ibaki timu moja, ile inayochezea chumba cha nyuma cha duka langu la ufundi simu hapa Sinza. Jumanne ya wiki iliyopita, saa tano na dakika kumi usiku, iliingia kwenye grupu la WhatsApp PDF ya kurasa 31 iliyoandikwa "Kanuni, Toleo la Tatu". Hakukuwa na neno hata moja la kueleza kilichobadilika. Nilikaa hadi saa nane usiku na toleo la pili kwenye simu moja na la tatu kwenye nyingine, nikifuata mstari kwa mstari kama ninavyotafuta njia iliyokatika kwenye bodi ya simu. Kulipokucha msimamo wa ligi ulikuwa umeshageuzwa. Tulilala wa tatu tukiwa na pointi 171, tukaamka wa tisa tukiwa na 113. Wanaokwenda fainali ni sita.

Kilichotukata ni kifungu cha tableti. Toleo la pili, ambalo ndilo tulilosaini, lilisema mchezaji atatumia "simu au tableti", mradi asicheze kwa kompyuta. La tatu linasema simu tu, kisha linaongeza maneno manne: "kuanzia mwanzo wa msimu".

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: sipingi tableti kukatazwa. Kioo chake kina umbo la kukaribia mraba, hivyo mwenye tableti anaona juu na chini zaidi kuliko mwenye simu nyembamba, na aliyejibanza dirisha la ghorofani anawahi kuonekana. Mashindano makubwa ya gemu hili huchezwa kwa simu. Mngeileta kanuni hiyo kabla ya msimu ningeisaini siku hiyo hiyo. Ninachokataa ni kanuni iliyozaliwa Jumanne kuhukumu mechi 24 zilizochezwa katika wiki nne zilizotangulia. (Tangazo la mdhamini wenu mpya, muuza simu, lilitoka Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Sisemi kitu, nataja siku tu.)

Wala hatukuificha. Fomu yenu ya usajili ina mahali pa kujaza aina ya kifaa, na tulijaza tableti. Siku ya ukaguzi ofisa wenu aliishika, akaigeuza, akanakili namba zake, akabandika stika ya ligi mgongoni, juu kidogo ya ufa niliouziba mwenyewe kwa gundi, kisha akaikandamiza kwa kidole gumba ili ishike vizuri. Tableti yenyewe ni ya mtumba, tuliinunua mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwa laki tisa na nusu. Laki sita zilitoka kwenye zawadi ya msimu uliopita. Zilizobaki nilikopa kikoba, na marejesho bado naendelea nayo.

Huenda ofisini kwenu kubadili kifaa kunaonekana kama kubadili jezi. Nahodha wetu anacheza kwa vidole vinne: gumba mbili chini za kutembea na kulenga, shahada mbili juu za kufyatua na kufungua darubini. Kila kitufe alikipanga kwenye kioo kile kwa miezi minane, na ule mtambo wa kulenga kwa kuinamisha kifaa aliurekebisha kidogo kidogo hadi mkono ukazoea. Jumamosi alicheza kwa simu ya mdogo wake. Mechi ya pili, ramani ya Erangel, walishuka Pochinki, mji mmojawapo wa ramani hiyo. Nilikuwa nyuma yake nimeshika feni ndogo, maana simu ilishapata moto. Adui akatokea mlangoni. Kidole cha nahodha kikaenda pale kitufe cha risasi kilipokuwa siku zote, na pale sasa palikuwa na kitufe cha kulala. Akalala kifudifudi mlangoni, mbele ya mtu mwenye bunduki, kama aliyechoka na dunia. Wenzake waliangua kicheko. Halafu wakanyamaza, na hakuna aliyezungumza hadi mechi ikaisha.

Hesabu yenyewe pia imenishinda. Kwenye ligi yenu mshindi wa mechi hupata pointi 10, wa pili 6, wa tatu 5, na kila adui unayemtoa ni pointi 1. Mlichokata ni maadui 58 waliotolewa na nahodha kwenye mechi hizo 24. Pointi za nafasi mmetuachia, ilhali nafasi hizo tulizipata yeye akiwa uwanjani. Wale 58 nao hawakufufuka, timu zao zimebaki pale pale zilipoishia. Kama tableti ilikuwa haramu, basi mechi zote zirudiwe kwa timu zote 16. Kama ilikuwa halali, pointi ni zetu. Hapo katikati mliposimama ninyi sipaoni.

Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu kwa adabu: "Dada, ligi zote duniani hubadilisha kanuni." Ni kweli, kwa hiyo nilikwenda kutazama zinavyobadilisha. Agosti 2023 Valve, wenye gemu la Counter-Strike, walitangaza kwamba waandaaji wa mashindano ya gemu hilo hawataruhusiwa tena kuwa na ubia wa kibiashara na timu zinazoshiriki, na kwamba timu zitaalikwa kwa viwango vilivyo wazi au zipitie mchujo. Utekelezaji wakaupanga 2025, yaani zaidi ya mwaka mzima wa watu kujiandaa. Riot, wenye gemu la League of Legends, walipoleta utaratibu wa kutorudia mhusika mliyekwisha kumtumia ndani ya mfululizo mmoja wa mechi, waliuanzisha sehemu ya kwanza ya msimu wa 2025, wakaona umepokelewa vizuri, ndipo wakauendeleza mwaka wote. Ninyi mlitupa muda gani? Pungufu ya sifuri, maana kanuni yenu ilianza kufanya kazi kabla haijaandikwa.

Sisemi hao ni malaika. Mei 2023 Riot hao hao waliondoa sharti la timu za LCS, ligi yao kuu kule Marekani, kuwa na timu za daraja la pili. Timu saba kati ya kumi zikavunja za kwao, vijana wakabaki hawana pa kwenda. Wachezaji wa LCS wakapiga kura ya kugoma, msimu uliokuwa uanze tarehe 1 Juni ukasogezwa wiki mbili, na kampuni ikakaa mezani na chama cha wachezaji na kutoa dola 300,000 za kuwasaidia waliopoteza nafasi. Nalitaja hili kwa sababu toleo la tatu lina kifungu kinachomkataza meneja "kushauriana na timu nyingine kuhusu uendeshaji wa ligi". Nawajulisha rasmi kwamba mameneja watano tumeshashauriana, Jumapili asubuhi, kwa chai ya rangi na vitumbua.

Kifungu kinachofuata ndicho kinachonitisha zaidi, ingawa bado hakijatugusa. Kinasema ligi inaweza kuzuia zawadi kwa mwenendo wowote ambao "kwa hiari yake" itaona unaharibu taswira yake. Blizzard, wenye gemu la karata la Hearthstone, walikuwa na maneno ya namna hiyo Oktoba 2019, walipomfungia mchezaji wake Blitzchung mwaka mzima na kumnyima zawadi kwa sababu aliunga mkono waandamanaji wa Hong Kong kwenye mahojiano baada ya mechi. Haikupita wiki, kelele zikawarudisha nyuma: zawadi akapewa, kifungo kikashuka hadi miezi sita. Ile ni kampuni kubwa yenye mawakili wake, na bado maneno yale yaliwatokea puani. Sijui ninyi mnayataka ya nini. Je, barua hii inaharibu taswira? Kwa kifungu kile mnaweza kusema ndiyo, na sina pa kukata rufaa.

Malipo nayapitia haraka, tulishayazungumza. Kanuni za zamani zilisema siku 30 baada ya fainali. Msimu uliopita mlitulipa siku ya 74. Badala ya kuharakisha malipo, mmerefusha kanuni: sasa ni siku 90 za kazi, baada ya "uhakiki". Hizo ni wiki 18, na usajili wa msimu mwingine utakuwa umeshafunguliwa. Ada ya usajili, shilingi 120,000, huwa mnaitaka kabla ya saa sita mchana na hamwongezi hata dakika tano.

La mwisho linamhusu mchezaji wetu wa nne. Ana miaka 17. Mkataba wake ulisainiwa na mama yake, ambaye alisomewa kurasa zote na mwanawe huku akikaanga mihogo, na kila ukurasa alikuwa na swali. Toleo la tatu linasema timu itakayoendelea kucheza baada ya saa 48 itahesabiwa imekubali. Nilipouliza nani alikubali kwa niaba yetu, mlinitumia picha ya skrini ya grupu la wachezaji: chini ya PDF kuna dole gumba la njano, saa tano na robo usiku. Aliyeliweka ni huyo mtoto, ambaye huweka dole gumba kwenye kila ujumbe wenu, ukiwemo ule wa kutangaza msiba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa huru ya watu wenye sifa za kisheria za kuingia mkataba. Mama yake toleo la tatu hajaliona mpaka leo, na ninyi namba yake mnayo.

Ninaomba pointi 58 zirudishwe kabla ya mechi za Jumamosi hii, wiki ya sita. Katazo la tableti lianze msimu ujao, na kama mnaona haliwezi kungoja, basi litupe walau wiki mbili na lisiguse kilichokwisha chezwa. Msimu huu malipo yafuate siku 30 tulizosaini. Vile vifungu viwili, cha kushauriana na cha taswira, viletwe kwenye kikao cha mameneja wote kabla havijamgusa mtu. Na mama wa kijana atumiwe kanuni mpya kwa Kiswahili kinachosomeka, aamue mwenyewe.

Naomba majibu kwa maandishi, si sauti ya WhatsApp, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Timu itacheza Jumamosi kwa simu ya kuazima, chini ya malalamiko, na kucheza huko kusichukuliwe kuwa tumekubali.

Tableti ipo dukani, droo ya pili kutoka juu, stika yenu ikiwa mgongoni. Ofisa aliyeibandika anakaribishwa kuja kuiona. Nafunga saa mbili usiku.

Wako mwaminifu,

Meneja wa Timu

Nakala:
Mzazi wa mchezaji wa nne
Mameneja wanne (wale wa vitumbua)