Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha waandishi wa sheria,

Nawashukuru mliofika. Tuko 23 kati ya 114 walio kwenye daftari, na wawili wameshaaga. Tangazo lilitoka wiki tatu kabla, na wengi niliwapigia simu mwenyewe kwa vocha yangu.

Shughuli za mwaka mnazijua: semina ya uandishi wa sheria, ziara ya Bungeni, na kikundi cha tafsiri, ambacho hakijapumua tangu Kiswahili kifanywe lugha ya sheria mwaka 2021. Aprili 23 Rais alizindua Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria za nchi zilizokusanywa na kusahihishwa upya, hapa Dodoma, likaanza kutumika Julai 1. Hayo yatosha.

Niingie kwenye linalosemwa pembeni. Mwezi Agosti kamati tendaji, kwa pendekezo langu, ilifanya masahihisho ya kiuandishi kwenye katiba yetu bila kuitisha mkutano mkuu. Nasikia "mwenyekiti kabadili katiba". Sikubadili, nilisahihisha. Katiba ilikuwa bado inanukuu Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa Toleo la 2002. Ibara ya 14 ilimtaka mwanachama alipe "ada iliyotajwa katika ibara ya 9", ilhali tangu tuchomeke ibara mpya, ya 9 inahusu rambirambi. Wapo walioliona hilo, wakanyamaza na wakaacha kulipa, wakidai wanadaiwa ubani tu! Na hawa ni waandishi wa sheria.

Hata sheria za nchi hurekebiwa hivyo. Sheria ya Urekebu wa Sheria, Sura ya 4, inaruhusu makosa ya uchapaji yasahihishwe na namba zipangwe upya bila kugusa maana. Bunge haliitishwi kwa ajili ya koma, nasi si wakubwa kuliko Bunge.

Mjumbe mmoja amenitupia Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 3 ya 2019, iliyopelekwa Bungeni kwa hati ya dharura, yaani ipitishwe haraka, ikagusa sheria nane kwa mkupuo, ikiwemo hiyo ya Jumuiya. Anasema jina lilikuwa la marekebisho, yaliyomo yakawa mazito. Nakubali kuhusu ile. Ya kwetu ni ukurasa mmoja na nusu, na aliyeuandika ana miaka 27 katika kazi hii.

Kuhusu neno "hai" lililoongezwa baada ya "wanachama" kwenye ibara ya akidi, yaani idadi inayotakiwa ili mkutano uwe halali: mtu asiyelipa miaka mitatu anahesabiwaje? Neno limeweka wazi kilichokusudiwa tangu mwanzo. Wanachama hai ni 19, na 12 kati yao wamo humu, kwa hiyo akidi imetimia. Kwa hesabu ya zamani taarifa hii ningevisomea viti. Anayeona maana imeguswa alete hoja kwa maandishi, aambatanishe na risiti ya ada.

Fedha: makusanyo ni shilingi 1,140,000, matumizi 1,385,000, ada zisizolipwa 5,700,000. Pengo limezibwa na mtu ambaye sitamtaja, ingawa mhazini anamjua na mimi ninamjua zaidi.

Mwakani, tukijaliwa, tunatarajia semina mbili, pengine jarida, na ofisi yenye dirisha. Barua ya kumtaarifu Msajili wa Jumuiya kuhusu masahihisho iko tayari. Inasubiri saini ya katibu, ambaye leo hajafika.