Vibali havijui Lamu inajenga lini

Bwana Mhariri,

Nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwasumbua kwa barua, ila taarifa yenu ya juzi imenishinda. Mliandika kwamba vibali vya ujenzi wa nyumba vimepungua, basi uchumi umelala. Mkatolea mfano Marekani, ambako idara ya sensa huhesabu vibali kila mwezi na wachumi wakavitazama kama nahodha anavyotazama wingu. Haya, huko mtu hushika kibali mkopo wa benki ukiwa tayari. Na kwetu pia KNBS, shirika la takwimu la taifa, hutaja kila mwezi thamani ya ramani za majengo zilizoidhinishwa. Lakini someni vizuri: ni za Nairobi.

Kijana wangu alikuwa anaoa. Nyumba yetu ya Mkomani ni ya mawe ya matumbawe, ya tangu babu, na boriti za chumba cha juu zilikuwa zimeoza hadi kikaporomoka. Pesa nilikuwa nazo: za mawe, chokaa, boriti kumi na mbili na ujira wa fundi. Nikaenda ofisini (sitaitaja, wenyewe wanajijua) kuomba kibali kwa adabu, maana mji huu uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001 na mimi si mtu wa kuutia mabati. Nikaambiwa ramani ichorwe na msanifu aliyesajiliwa. Nikamlipia mmoja nauli kutoka Mombasa. Ramani ikaingia, mwenye muhuri yuko semina. Akarudi, faili halionekani. Likaonekana, mtandao hakuna. Ukaja mtandao, zinatakiwa nakala nne na mimi nimeleta tatu. Nilikwenda kila Jumatatu mpaka askari wa mlangoni akawa anawaulizia wanangu kwa majina. Harusi ikapita, bwana arusi akapanga vyumba viwili mtaa wa Langoni. Kibali kilitoka mwezi wa kumi na nne tangu nikiombe, na kufikia hapo pesa za mawe zilishageuka karo ya dada yake. Sasa kwa hesabu yenu, Bwana Mhariri, mwezi niliokuwa na pesa Lamu ililala, na mwezi niliokaukiwa Lamu ikaamka! Mlichopima hapo si uchumi, ni semina za mwenye muhuri.

Jirani yangu, ambaye hiyo ofisi hajui hata mlango wake, alikuwa akijenga wakati huo huo. Chumba mwaka huu, ngazi mwaka ujao, kila mwanawe aliyeko Saudia akituma chochote. Huyo hamna habari naye. Na mwaka 2018 serikali ilipozuia ukataji wa miti, mikoko ikiwemo, boriti ziliadimika na mafundi wakashinda barazani wakicheza bao. Kuna kibali kilichowaambia hilo?

Na maadamu kalamu iko mkononi: huko Shela majumba yanazidi kusogelea vilima vya mchanga, na vilima hivyo ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu tunayokunywa huku mjini. Nyumba moja, bwawa lake la kuogelea. Hao faili zao hazipotei? Mimi nilitaka boriti kumi na mbili tu, wallahi, na maji ya ndoo.

Kama lazima mtupime, ombeni KNBS watuletee karani mmoja na kigoda. Akae gatini tangu alfajiri hadi adhuhuri, Ijumaa apumzike, ahesabu punda wanaopanda na saruji, mawe au boriti. Punda mmoja na mfuko mmoja, huyo mtu anaziba ufa. Punda kumi kwa mfululizo, kuna mtu anajenga, na kufikia magharibi mtaa mzima utakuwa unajua pesa zimetoka wapi. Asimhesabu tu yule punda mweupe wa karibu na soko la samaki, huyo huzunguka bila mzigo wala mwenyewe. Kahawa ya karani nitatoa mimi. Mahali pa kulala nisingemnyima, ila chumba cha juu hakina paa.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu