Kabla ya kunyanyua mkono mnadani

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wanaovutiwa na nyumba zinazonadiwa kwa madeni ya kodi ya majengo hapa Uganda. Tangu sheria ya mwaka 2005 irekebishwe mwaka 2006, nyumba anamoishi mwenyewe haitozwi kodi hiyo, kwa hiyo inayofika mnadani aghalabu ni ya kupangisha, na ndani yake mna watu.

Mwaka jana nilikwenda Mukono kukagua moja. Dalali alitusimamisha getini akisifu mabati mapya, ilhali uani mama mmoja alikuwa akianika mihogo, hana habari kwamba nyumba anamolala inauzwa. Sikutaja bei. Kesho yake nilipekua hati katika ofisi ya ardhi, nikakuta mtu mwingine ameshaiwekea zuio.

Tena, kiwanja kikiwa cha mailo, yaani ardhi ya umiliki wa kudumu wenye hati, mnunuzi hana budi kuulizia wenye vibanja, yaani watu wanaokalia sehemu za ardhi hiyo bila kuwa na hati yake, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inawalinda wale waliotambuliwa humo, na kubadilika kwa jina kwenye hati hakuwaondoi. Dalali wetu, bila shaka, hakuligusa hilo.

Msomaji wenu,
Kampala